Chuchu Isiyo na Maziwa

Nesi wa kliniki ya watoto hahitaji kuinua macho kwenye daftari ndipo ajue. Mama yuko kwenye benchi, kadi mkononi, zamu yake ya mzani imekaribia. Anaichomoa nyonyo mdomoni mwa mtoto, anaifutika kwenye pindo la kitenge, na mtoto anaangua kilio papo hapo.

"Mama Junior, hicho ulichoficha si nilikwambia mwezi uliopita ukitupe?"

"Nilikitupa, nesi. Hiki kaja nacho bibi yake."

Benchi zima linacheka, maana wote waliokaa pale wanajua bibi anasingiziwa.

Nyonyo, ile chuchu bandia ya mpira au silikoni ambayo haitoi chochote, ina bahati mbaya moja: inaonekana. Uji mwepesi aliolishwa mtoto wa miezi mitatu alfajiri umeshasahaulika ifikapo saa tatu. Dawa ya mchango iliyonunuliwa kwa jirani haiandikwi kwenye kadi. Kidole cha shangazi kilichochovywa kwenye maji ya sukari kimeshakauka. Nyonyo ndiyo hiyo hapo, ya buluu au ya waridi, inaning'inia kwa uzi, na yeyote mwenye neno juu ya malezi anaweza kuinyooshea kidole. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, inagombezwa kuliko mambo yanayoizidi kwa madhara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama pekee ni asilimia 64; Kenya, mwaka huohuo, asilimia 60. Kinachomtoa mtoto katika hesabu hiyo ni maji, uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo. Nyonyo tupu haimtoi, kwa sababu haina cha kumezwa.

Lakini nesi hakubuni katazo lake. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, na miaka miwili baadaye hospitali za nchi nyingi zikaanza kupimwa kwa hatua hizo. Ya tisa ilikuwa fupi, haina mlango wa nyuma: mtoto anayenyonya asipewe chuchu bandia ya aina yoyote. Kizazi kizima cha wakunga na wauguzi kilisomeshwa hivyo, na mabango ya wodini yakaandikwa hivyo. Mwaka 2018 hatua hizo zilipoandikwa upya, ya tisa ikalegea. Sasa mhudumu anatakiwa kumshauri mama kuhusu matumizi na hatari za chupa, chuchu na nyonyo. Kutoka kukataza hadi kushauri ni safari ndefu, na wengi wa wale waliosomea katazo hawajaambiwa kwamba limebadilika, sembuse kwa nini.

Sehemu ya jibu iko Pelotas, mji wa kusini mwa Brazil, ambako Cesar Victora na wenzake waliwafuatilia akina mama 650 na watoto wao. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1997, kwa juu juu yalimpa haki nesi wetu: watoto waliokuwa na nyonyo mdomoni kutwa waliachishwa ziwa mapema kuliko wale wasioitumia. Watafiti wengi wangefunga daftari hapo na kuandika pendekezo. Hawa walifanya jambo ambalo takwimu peke yake haziwezi: waliingia majumbani mwa familia 80, wakakaa, wakatazama, wakasikiliza. Waliwakuta akina mama wakimshurutisha mtoto aizoee nyonyo, wanaisukuma irudi mdomoni kila anapoitema. Waliwakuta wanaoitumia makusudi kumtoa mtoto ziwani au kurefusha nafasi kati ya kunyonya na kunyonya. Wengi wa hao walikuwa akina mama wenye wasiwasi: wanaonyonyesha kwa saa, wanaomlinganisha mtoto wao na wa jirani, wanaodhani maziwa yao ni mepesi. Mama aliyejiamini, hata akitumia nyonyo, ziwa lake halikuyumba sana. Kwa hiyo Victora na wenzake wakauliza swali ambalo waliliweka hata kwenye kichwa cha makala yao: nyonyo ni chanzo, ni matokeo, au zimekutana njiani tu?

Miaka minne baadaye Michael Kramer na wenzake wa Montreal, Kanada, walilijaribu swali hilo kwa njia kali zaidi. Waliwagawa kwa bahati nasibu akina mama 281 wanaonyonyesha. Kundi moja lilifundishwa kuepuka nyonyo na kumtuliza mtoto kwa kumbeba na kumbembeleza. Jingine lilifundishwa njia zote bila kukatazwa kitu. Ilipofika miezi mitatu, walioachisha ziwa walikuwa takriban 19 kwa mia katika kundi moja na 18 katika jingine, yaani hakuna tofauti. Kisha watafiti wakayachukua majibu yaleyale, wakayatazama kwa macho ya zamani: nani alitumia nyonyo kila siku na nani hakutumia, bila kujali aliwekwa kundi gani. Ghafla nyonyo ikaonekana tena mkosaji, na waziwazi. Akina mama walewale, watoto walewale. Aliyekuwa anaelekea kuachisha ndiye aliyekuwa akiishika nyonyo. Nyonyo ilikuwa moshi, na kwa muda mrefu watu walikuwa wanaumwagia moshi maji.

Nisieleweke kwamba namkabidhi kila mama nyonyo. Akina mama wa Montreal walikuwa wameshaamua kunyonyesha na walikuwa na wa kuwashika mkono. Mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyofanywa baadaye nayo yalisema wazi kwamba yanazungumzia mama mwenye nia, ambaye unyonyeshaji wake umeshakaa sawa. Binti wa miaka kumi na minane aliyejifungua juzi, chuchu zimechanika, mtoto anavuta ncha tu badala ya kujaza mdomo, si wa kundi hilo. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Kila mvuto wa mtoto ni taarifa mwilini kwamba yanahitajika mengine. Saa ambayo nyonyo imemnyamazisha mtoto wa wiki mbili ni saa ambayo taarifa hiyo haikufika. Tena mtoto mwenye njaa haanzi na kilio. Anaanza kwa kugeuza kichwa, kulamba midomo, kupeleka ngumi kinywani, na nyonyo inazifunika dalili zote hizo. Mtoto mtulivu asiyeongezeka uzito ni wa kumwogopa kuliko mlalamishi. Hapo nesi na mzani wake wako sahihi kabisa, na ushauri wa kungoja hadi unyonyeshaji ukae sawa ndipo nyonyo ifikiriwe hauna ubishi.

Kuna kitu mtu anaweza kukitazama mwenyewe, bila kifaa, akiketi karibu na mama anayenyonyesha. Atazame taya la mtoto. Maziwa yakitiririka, taya linashuka polepole, mvuto mmoja kwa kila sekunde hivi, na baada ya mvuto mmoja au miwili husikika mmezo, sauti ndogo kama "ka". Maziwa yakipungua, mwendo unabadilika: mivuto midogo midogo, miwili kwa sekunde, inakuja kwa mafungu, kumi, kisha kimya, kisha kumi tena. Macho yamelegea, ngumi imefunguka. Mtoto huyu hali chakula, na wala hachezi. Peter Wolff, daktari wa Marekani aliyechunguza watoto wachanga katika miaka ya 1960, alizitenganisha mbio hizo mbili, ya kula na isiyo ya kula, na akaonyesha kwamba mtoto anayo ya pili hata kama hajawahi kuonja kitu. Mtoto anaijua kabla hajazaliwa. Vipimo vya picha humwonyesha tumboni akifyonza kidole gumba. Kwa hiyo mtoto anayetaka kunyonya baada ya kushiba hana deko wala mchango. Anafanya kazi ya kujituliza kwa kifaa pekee alichopewa.

Wanaolijua hilo kuliko wote ni wahudumu wa wodi za njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 kwa kawaida hawezi bado kupanga pamoja kunyonya, kumeza na kupumua, basi hulishwa kwa mrija wa puani. Akipewa kitu cha kufyonza wakati maziwa yanashuka mrijani, hufika upesi zaidi kwenye kunyonya mwenyewe, na huruhusiwa mapema. Katika nchi tajiri kitu hicho huwa nyonyo ndogo sana. Kwetu, mahali ambapo huduma ya kangaruu inafanyika vizuri, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi, na kitu hicho kinaweza kuwa ziwa la mama lililokwisha kukamuliwa. Huduma hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu vitanda vya joto vilikuwa havitoshi. Utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo. Kifua cha mama kilizishinda mashine zilizokuwa zikingojewa.

Mambo ya hatari nitayapitia haraka, kwa kuwa hayana fumbo. Masikio: katika kliniki za watoto za Ufini, wazazi waliposhauriwa kuitumia nyonyo wakati wa kusinzia tu, maradhi ya sikio la kati yalipungua kwa asilimia 29. Kufyonza kutwa husumbua mrija unaounganisha koo na sikio. Meno: mtoto akiendelea nayo baada ya miaka miwili au mitatu, meno ya mbele ya juu na chini huacha kukutana na kaakaa hubana; akiacha mapema, mara nyingi mambo hujirudi yenyewe. Usafi: nyonyo iliyoanguka kwenye sakafu ya daladala haisafishwi kwa kufutwa kwenye kanga. Uzi shingoni: usiwepo kabisa, hata mzuri. Na kabla ya kununua, tazama kile kisahani kinachokaa mbele ya midomo. Kiwe kipana kuliko mdomo wa mtoto, na kiwe na matundu. Sheria ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 inadai yasipungue mawili, ili nyonyo yote ikiingia kooni kwa ajali hewa ipate pa kupitia. Vuta chuchu yenyewe kwa nguvu. Ikitoka mkononi mwako dukani, itatoka mdomoni mwa mtoto usiku.

Utamu nao usiwekwe. Mwaka 2018 watoto wanne wa Texas walilazwa kwa botulizimu, sumu inayolegeza misuli, baada ya kupewa nyonyo zilizojazwa asali. Wapo wanaodhani asali, kwa kuwa ni dawa ya wakubwa, ni dawa ya wadogo pia. Kabla ya mwaka mmoja si dawa, awe kaipata kwenye nyonyo, kwenye kidole au kwenye kijiko cha mkwe.

Faida moja kubwa imeandikwa upande wa pili. Tangu mwaka 2005 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apewe nyonyo anapolazwa, kwa sababu watoto wanaolala nayo hufa ghafla usingizini mara chache zaidi. Ikidondoka baada ya kusinzia, isirudishwe. Namna inavyomlinda bado inabishaniwa. Ushauri huo umetoka katika nchi ambako mtoto hulazwa kitandani peke yake, mara nyingi chumba kingine, na ambako maambukizi na uzazi wa shida haviui watoto kwa wingi kama kwetu. Kuuchukua mzimamzima na kuuleta Buza au Kawangware kunataka kutafakari kwanza. Kuukejeli nako ni ujinga.

Kuna utafiti mmoja wa Uswidi wa mwaka 2013 ambao bibi zetu wangeupenda. Wazazi waliozoea kuinyonya wenyewe nyonyo iliyodondoka kabla ya kumrudishia mtoto walikuwa na watoto wenye ukurutu na pumu kidogo kuliko wazazi wasiofanya hivyo. Ilidhaniwa vijidudu vya mate ya mzazi huzoeza kinga ya mtoto. Basi kumtafunia mtoto chakula kulikuwa na hekima yake? Labda, lakini mate huleta pia vijidudu vya kuozesha meno, na Marekani imewahi kuthibitika kwamba watoto waliambukizwa VVU kwa chakula kilichotafunwa na mlezi. Watoto wa Uswidi katika utafiti huo walikuwa 184 tu. Nimeutaja kwa sababu unafurahisha, si kwa sababu naushauri.

Turudi kwa mtoto anayelia. Hapa Afrika tumezoea kujisifu kwamba nyonyo ni ya wazungu, sisi tuna mbeleko. Kuna ukweli ndani yake. Wanaanthropolojia Melvin Konner na Carol Worthman walihesabu miaka ya 1970 kwamba watoto wa !Kung wa Kalahari, waliokuwa ubavuni mwa mama mchana kutwa, walinyonya mara kadhaa kila saa, dakika mbili tu kila mara. Baadaye Ronald Barr na wenzake wakaona kwamba watoto hao hulia kwa wingi wa mara uleule wa watoto wa Ulaya na Marekani, ila kila kilio kinaisha upesi, kiasi kwamba kwa jumla muda ni nusu. Kulia wote wanalia. Tofauti ni muda unaopita kabla mtu hajafika. Na huko Montreal, utafiti wa mwaka 1986 ulioshirikisha Barr huyohuyo ulionyesha kwamba wazazi walioombwa kumbeba mtoto saa chache zaidi kwa siku, hata akiwa halii, walipunguza kilio cha wiki ya sita kwa asilimia 43.

Wenye kujisifu kwa mbeleko huwa hawataji idadi ya watu waliokuwa nyuma ya mbeleko. Mtoto wa zamani alipita mgongoni kwa mama, akahamia kwa dada mkubwa, akapakatwa na shangazi, na jioni bibi aliyefiwa na mumewe miaka kumi iliyopita akampa titi kavu alifyonze hadi alale, na hakuna aliyelipigia kelele titi hilo. Ilikuwa nyonyo pia. Waaka wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini ya Kongo wamekwenda mbali zaidi: mwanaanthropolojia Barry Hewlett, aliyeishi nao kwa muda mrefu, ameandika kwamba baba hukaa karibu na mtoto mchanga kwa takriban nusu ya siku, na mama akiwa mbali mtoto akilia, humpa chuchu yake mwenyewe anyonye. Nimewahi kuwasimulia wanaume wa kijiweni habari hiyo, kahawa iliwapalia.

Sasa hesabu watu wa chumba kimoja na sebule Tandale. Dada mkubwa yuko shule, na ni vizuri awe shule. Bibi yuko Tanga au Kigoma. Shangazi ana mtoto wake wa kulea na chumba chake cha kupanga. Amebaki mama, na msichana wa kazi wa miaka kumi na sita ambaye mwenyewe alitakiwa kuwa kidato cha pili. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini walisema hivyo wakiwa wamezungukwa na walezi. Mama akiingiza nyonyo mdomoni saa kumi na moja alfajiri ili ageuze maandazi yasiungue, anaajiri mtu mwingine kwa shilingi alizonazo. Mtu huyo habebi, haimbi, hamjui mtoto, lakini amefika.

Sheria zipo za kurudisha baadhi ya mikono hiyo. Tanzania, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, mwajiriwa anastahili siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Muuza samaki wa Feri na mama lishe wa stendi hawana mwajiri wa kumdai saa hizo mbili. Nesi akimwambia aitupe nyonyo, anamwambia mtu asiye na likizo, na swali la "utambeba saa ngapi?" halina pa kuandikwa kwenye kadi.

Naye baba? Sheria hiyohiyo ya Tanzania inampa siku tatu, na azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, wakati nyumba imejaa wifi na mashangazi waliokuja na kuku, na yeye anatumwa chumvi. Kilio cha mtoto mchanga, kama alivyokipima daktari wa watoto Brazelton mwaka 1962 na wengi baada yake, hufikia kilele wiki ya sita, karibu saa tatu kwa siku, nyingi zake jioni. Wiki ya sita mashangazi wameshapanda basi, na baba yuko kazini.